Aliyewasha Ukuta kwa Mkono

Sote pale ofisini tulimwita Mtaalamu, na mwanzoni jina lenyewe lilikuwa la utani. Siku aliyokuja kuomba kazi alivaa suti ya kijivu katika joto la Guangzhou, lile joto linalomfanya mtu atamani kuvua hata ngozi, na mkononi alishika begi lenye bisibisi, tasbihi na chupa ya chai. Nilimwuliza anajua nini. Akajibu, "Najua kuisikiliza kompyuta mpaka iseme." Nilicheka mbele yake bila haya. Nilikuwa na kontena la kufungwa jioni ile na wateja wakigombana mlangoni kwangu, sikuwa na nafasi ya kusubiri mtu wala chombo kiseme. Nikamchukua hivyo hivyo, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa ameondoka na nywila zote kichwani mwake.

Mimi ni mtu wa Kariakoo, na subira sikujaliwa. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, anayesalimia mpaka unasahau ulichomwitia. Ukimwambia, "Mtaalamu, mashine imekufa!" alikuwa anamimina chai kwanza kwenye kifuniko cha chupa, anapuliza, kisha anasema lile neno lake: "Usiniambie imeharibika. Niambie imefanya nini." Alilitumia kwa mashine na kwa watu. Mteja mmoja aliingia siku moja akilia kwamba wenye duka wamemtapeli, na Mtaalamu akamwekea kiti na kumwambia, "Usiniambie umetapeliwa, mwanangu. Niambie umeona nini." Yule dada akaanza kusimulia, na alipofika katikati akagundua kwamba mzigo wake uko stoo kwetu tangu juzi. Tulicheka wiki nzima, lakini neno lile likatuingia, na hata mimi nikajikuta nalitumia kwa mume wangu kwenye simu.

Ofisi yangu ya kusafirisha mizigo iko ghorofa ya tatu, nyuma ya masoko ya nguo ya Liuhua. Chini yetu kuna karakana ambako mashati hupigwa pasi na kukunjwa kabla ya kupelekwa sokoni. Pasi zao za mvuke zikiwashwa zote kwa mpigo, breka ya jengo inakata, na mashine zetu zote zinazimika. Umeme ukirudi, seva yetu huamka yenyewe. Humo mna kila kitu: robota la nani liko kontena gani, na nani ameruhusiwa kulitoa bandarini Dar es Salaam. Wateja wa nyumbani huingia humo kwa simu kuangalia mzigo wao umefika wapi, na kwa sababu hiyo seva inahitaji fayawoli, yaani ukuta unaochuja nani aingie, aingie mpaka wapi, na nani akataliwe kabisa. Ukuta wetu ndio uliokuwa na maradhi. Seva iliamka, ukuta haukuamka. Kila breka ilipokata, tulibaki wazi kwa dunia nzima mpaka Mtaalamu afike, aketi, auwashe kwa mkono.

Nieleze basi alivyokuwa anauwasha, maana hata wapagazi walikuwa wanachungulia dirishani kumtazama. Kwanza alivua koti. Lile la suti ya kijivu alilitundika kwenye msumari, akaondoa taulo aliyoifunikia seva kuzuia vumbi la vitambaa, akaikunja pande nne. Kisha akasema bismillahi na kuandika amri moja fupi, akiibonyeza herufi kwa herufi kwa kidole kimoja, yeye mtu aliyeweza kuandika kwa vidole vyote huku anaongea na wewe. Niliwahi kumwuliza kwa nini hapo anatumia kidole kimoja. Akasema, "Hapa ndipo ninapofunga mlango wa watu, Laoban. Mlango haufungwi kwa kuubamiza." Laoban ni bosi kwa Kichina, na hakuwahi kuniita vingine, hata nilipomkataza.

Mtu huyu aliyekuwa anaota milango ya seva alikuwa haifungi ya kwake. Chumba alichopanga mtaa wa Xiaobei kilikuwa wazi mchana kutwa, viatu nje, redio inaongea peke yake. Nikimgombeza anasema, "Nani ataiba suti, nami nimeivaa?" Kichina alikizungumza vizuri kuliko sisi wote, lakini hakujua kupatana bei hata kidogo. Nilimchukua mara moja soko la Shisanhang, kwenye zile ngazi ambako watu wanakimbia na mizigo kichwani, ili anisaidie kubishana na mama mmoja wa magauni. Yule mama akataja bei, bei ya kuanzia tu, ya kumwonja mgeni. Mtaalamu akasema, "Sawa." Nilitaka kumtupa chini ya ngazi. Mwenye duka mwenyewe aliona aibu akapunguza bila kuombwa. Tulipotoka akaniambia yule mama anasomesha watoto. Nikamwuliza, "Na mimi nafuga kuku?" Akanibebea mfuko mzito mpaka kituoni.

Yeye naye alikuwa na wa kwake, mmoja tu, mtoto wa kiume, Tanga, mtu mzima mwenye kazi yake ya kompyuta. Kazi yenyewe alifundishwa na baba yake kupitia seva yetu. Mimi niliruhusu, kwa sababu huyo mwana alikuwa anatusaidia bure. Baba na mwana hawakupenda simu. Walikuwa na desturi yao ambayo sijaiona kwa watu wengine: seva ina salamu inayomtokea mtu wa kazi anapoingia, maneno ya kumkaribisha, na wao waliigeuza salamu ile kuwa barua yao. Baba anaandika, "Umekula?" Mwana anaingia kutoka Tanga, anasoma, anafuta na kuandika, "Nimekula. Mama anasema upunguze chumvi." Asubuhi Mtaalamu anafungua, anasoma, anatabasamu peke yake kama mtu aliyepewa zawadi. Nilizoea kusoma salamu hizo juu ya bega lake. Kwangu zilikuwa kama tamthilia.

Ili mwana aingie, ilibidi aruhusiwe kwenye ukuta. Katika kanuni za ukuta Mtaalamu aliandika mstari mmoja: Tanga aruhusiwe. Kwa kawaida mtu huandikwa kwa namba ya anwani yake, lakini namba ya mtandao wa nyumbani hubadilika kila mara. Basi akaandika jina, na jina hilo mwana ndiye aliyekuwa akilitunza kule, likionyesha namba mpya kila ilipobadilika. Ukuta ukitaka kuamka, lazima kwanza uulize mtandaoni: mwenye jina hili yuko wapi leo? Ukijibiwa, unaamka. Usipojibiwa, hauruki mstari ule na kuendelea na mingine. Unaikataa mistari yote, unalala. Mashine ina roho ya ajabu, na mimi niliichukia kwa hilo kabla sijajua itanifikisha wapi.

Siku hizo hatukujua kwamba tatizo liko hapo. Mtaalamu alitafuta kila mahali. Alibadilisha waya, akabadilisha kifaa cha mtandao, akasoma kumbukumbu za seva mpaka macho yakawa mekundu, na jawabu likawa lile lile: akiwasha yeye kwa mkono, ukuta unaamka vizuri kabisa. Ukiachiwa uamke wenyewe, haukubali.

Katikati ya kutafuta huko mkewe akafariki kule Tanga.

Alizikwa siku ile ile alasiri, kama ilivyo kwetu, na hakuna aliyemlaumu mtu aliye China kwa kukosa maziko. Tulimsomea hitima pale pale ofisini, na wanawake wa pasi wakatuletea machungwa. Lakini kuna arobaini. Arobaini mtu ana muda wa kujipanga, na mwana alimwandikia kwenye salamu, nami niliisoma: "Baba, arobaini tunakungoja." Nilimwambia aende. Nilimwambia mbele ya watu.

"Nani atawasha?" akaniuliza.

"Nitawasha mimi. Nifundishe."

"Breka ikikata ukiwa sokoni? Ukiwa uwanja wa ndege wa Baiyun unapokea wageni?"

"Basi iwe wazi kidogo, Mtaalamu! Mkeo anasomewa mara moja."

Alikuna kidevu. Akasema ni msimu wa mizigo ya Idi, kuna bidhaa za watu mle, ni amana. Akasema amekaribia kulipata tatizo, akilipata tu atapanda ndege na moyo uliotulia. Mimi nilijua anaogopa kuingia nyumba ile bila mkewe ndani, na alijua kwamba najua. Hakwenda.

Arobaini ikapita, na baada yake, haikuwa hata wiki, akalipata. Alikuja mezani kwangu bila koti na bila chai. Kumbe ukuta ulikuwa unaamka mapema mno. Seva ilikuwa inauamsha kabla mtandao haujawa tayari, ukuta unauliza jina la Tanga, hakuna wa kuujibu kwa sababu waya wenyewe bado umelala, nao unakata tamaa. Dawa yake ilikuwa neno moja la kuuambia ungoje mtandao kwanza. "Neno moja, Laoban," akasema. "Kungoja tu. Ni hilo tu lilikuwa limekosekana." Akaketi kwenye robota la mashuka na kulia kwa sauti, mtu mzima, wapagazi wakaacha kazi. Mimi nikatoka nje kwenye ngazi kwa sababu sikuweza kumtazama.

Mwana aliweza kusamehe maziko. Arobaini hakuisamehe. Hakutukana, hakupiga simu. Aliliacha tu lile jina life. Simu za baba hazikupokelewa, na salamu ya seva ikabaki vile baba alivyoiandika mwisho. Breka ilipokata tena, seva ikaamka, ukuta ukangoja mtandao kama ulivyofundishwa, ukauliza: mwenye jina hili yuko wapi? Safari hii mtandao ulikuwepo, na ulijibu kwamba jina hilo halipo. Ukuta ukalala.

Hapo mtu yeyote angefuta ule mstari. Mtaalamu hakuufuta. Aliuwekea alama mbele ili usisomwe, akauwasha ukuta, kisha akaiondoa alama. Kila mara hivyo: kuweka alama, kuwasha, kuondoa alama. Hakunificha. Nilipomwuliza ni kwa nini aharibu kwa makusudi kitu alichokitengeneza kwa machozi, akasema, "Nikiufuta, nitakuwa nimemfungia mlango mimi." Na salamu aliendelea kuibadilisha. "Umekula?" "Mvua inanyesha huku." "Nimepunguza chumvi." Nilikuwa nazisoma bado juu ya bega lake, lakini sasa nilitamani nisingezijua herufi. Nikamwacha, miaka ikapita. Watu husema mimi ni mkali, lakini hilo ningeliwezaje?

Kisha ikaja Ijumaa moja. Breka ilikata yeye akiwa msikitini, simu imezimwa kama inavyopasa. Watu wasiojulikana walituingia. Hawakuvunja kitu. Walibadilisha majina mawili matatu ya wanaoruhusiwa kutoa mizigo, wakatoka. Mama mmoja wa Kariakoo anayeuza sare za shule, mteja wangu tangu sina hata meza, alikwenda bandarini na shule zinakaribia kufunguliwa, akaambiwa mzigo wake umeshachukuliwa na mtu aliyetajwa kwenye karatasi zetu. Alinipigia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sasa nifanyeje?" Na sauti ile ndiyo niliyopanda nayo ngazi.

"Futa ule mstari," nikamwambia Mtaalamu.

"Laoban, akija atagonga ukuta."

"Hajaja miaka yote hii."

"Kutokuja si kusema hatakuja."

"Mtaalamu, shikamoo. Nakuheshimu kama baba. Futa."

Alivua koti, akalitundika. Akakunja taulo. Akauweka mshale kwenye mstari wa Tanga, nikiwa nimesimama nyuma yake. Kisha akaufuta kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, kutoka nyuma kuja mbele, ingawa kuna namna ya kufuta mstari mzima kwa mpigo. Nikazima seva mimi mwenyewe na kuiwasha. Ikaamka. Ukuta ukaamka. "Umeamka wenyewe," akasema, akaifunika seva taulo.

Ningefanya vile vile leo. Nalisema hilo kwa sauti kwa sababu wapo wanaonitazama kama muuaji, na hakuna hata mmoja wao aliyeisikia sauti ya yule mama wa sare.

Baada ya hapo breka ilikata na hakuna aliyemwita. Akawa anakuja asubuhi, anakaa na chupa yake. "Imekata jana?" "Imekata." "Na ukuta?" "Uliamka." Anaitikia kwa kichwa. Nilimtafutia kazi nyingine za kufanya, akazifanya, lakini alikuwa mgeni pale. Alianza kuruka siku, kisha akaacha kabisa, na nikasikia amehamia kule karibu na uwanja wa ndege, kwenye maghala ya mizigo ya haraka. Sikumfuata. Nilijiambia kila mtu na riziki yake.

Simu ile ililia mchana, mwezi wa mvua kubwa. Namba ya ofisi tunaiandika kwa rangi kwenye kila robota, mtu yeyote wa Tanzania anaweza kuiona sokoni.

"Shikamoo, mama," sauti ya mwanamume ikasema. "Napiga kutoka Tanga. Baba yangu alikuwa akitunza seva yenu."

Nilikaa chini.

"Nimelirudisha lile jina," akaendelea. "Nimejaribu kuingia tangu asubuhi. Nilitaka tu kuona salamu. Seva ipo, naiona, lakini inanikataa. Amenitoa, sivyo?"

"Mwanangu, sikiliza, si yeye..."

"Si kitu, mama. Nilimfanyia hivyo hivyo. Mwambie nimeelewa."

Akakata. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga mpaka simu ikawa ya moto mkononi, na jioni nikaambiwa haipatikani. Haikupatikana tena.

Habari kama ile haiandikwi kwenye simu. Nikapanda metro kuelekea Baiyun, nikauliza ghala hadi ghala, nikamkuta amesimama kwenye mkanda wa mizigo, anabandika lebo. Suti ilikuwa ile ile, mikono ya koti imekunjwa. Alikuwa amekonda. Aliniona akafurahi kweli, akatafuta boksi akalipangusa nikalie, akanimiminia chai kwenye kifuniko. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Alilirudisha jina?" akauliza.

"Alilirudisha. Twende, Mtaalamu. Twende ukaurudishe mstari. Breka ikate mara ngapi sijali, nitauwasha mimi kwa mkono mpaka nife."

Hakusogea. Alitoa simu yake mfukoni, akaandika lile jina kwa kidole kimoja, akangoja. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo. Akanigeuzia kioo nione. Jina halikuwepo tena.

Nikaanza kulia pale mbele ya wapakizi, mimi ambaye nilitorokea kwenye ngazi siku ile alipolia yeye. "Imeharibika, Mtaalamu," nikasema. "Yote imeharibika."

"Usiniambie imeharibika," akasema kwa upole, kwa mazoea tu, kama alivyowaambia watu wote. "Niambie imefanya nini."

"Imemkataa."

"Salamu hakuiona? Hata neno?"

"Hakuona kitu."

Aliitikia kwa kichwa, kama afanyavyo mtu wa kazi akipewa jibu alilolitegemea.

"Basi inafanya kazi, Laoban," akasema, akachukua lebo nyingine.